Miguu ya Ghorofa ya Sita

Mafundi walipomaliza kufunga lifti, jengo zima lilimiminika ukumbi wa chini kuitazama. Kwa miaka na miaka pale palikuwa na shimo tu lililozibwa kwa mbao, na wapangaji wakiambiwa kila mwaka kwamba mwaka huu haupiti. Sasa palikuwa na mlango wa chuma unaong'aa, vitufe vinavyowaka, na kengele iliyolia ting! kila mlango ulipofunguka. Watu wakapiga makofi. Mmoja tu hakupiga: mzee mrefu, mkavu, mwenye raba nyeupe na suruali ya michezo, aliyekunja mikono kifuani kama refa anayesubiri fujo iishe.

Huyo alikuwa Mwalimu wa ghorofa ya sita. Alifundisha michezo shuleni mpaka alipostaafu, na kustaafu kwenyewe kulimwachisha kazi tu, hakukumwachisha mdomo. Kwa Mwalimu, kila kitu chenye swichi kilikuja duniani kumlegeza binadamu. Rimoti ya televisheni aliiweka juu ya kabati. Anayetaka kubadilisha stesheni ainuke. Binti yao alipotaka kuwanunulia mashine ya kufulia, alimjibu kwenye simu kwamba mikono anayo, tena miwili. Wala hakuwa mtu wa kuwasukumia wengine kazi: nguo alizifua mwenyewe, akazikamua mpaka zikaomba msamaha. Kwenye kikao cha kupitisha lifti alisimama akasema, "Leo lifti, kesho mtatafuta wa kuwatafunia chakula," akaendelea hivyo mpaka watu wakaanza kuchunguza kucha zao. Kura zikapigwa. Aliyekataa alikuwa mmoja.

Mkewe hakupiga kura. Kikao kilifanyika chini, na mkewe alikuwa juu.

Yeye walimwita Msusi, ingawa ilikuwa imepita miaka mitatu bila kusuka kichwa cha mtu. Alisimama nyuma ya viti vya saluni ujana wake wote na utu uzima wake, na goti la kulia likachoka kabla ya vidole. Lilivimba, likapungua, likavimba tena, mpaka daktari akamwambia maneno ambayo Msusi aliyakumbuka kila siku ya Mungu: "Mama, tembea. Tembea sana, lakini mahali tambarare. Ngazi ziache kwanza." Daktari yule alikuwa mtu mwema ila hakuuliza mgonjwa wake anakaa wapi. Ili ufike tambarare kutoka ghorofa ya sita, lazima kwanza ushuke, na ukishashuka kuna kupanda.

Basi Msusi akabaki juu. Mwalimu akawa miguu yake. Kila asubuhi alisimama mlangoni na mfuko mkononi akiuliza, "Haya, mama watoto, tunataka nini leo?" Msusi akataja, Mwalimu akashuka, akarudi akiwa amebeba nyanya, sabuni, dawa, gesi hata, akiwa anahema kidogo lakini uso umekunjuka. Majirani walimsifu. "Msusi, una bahati, mume kama huyo hapatikani siku hizi." Msusi alikubali, maana ilikuwa kweli. Ila nyanya za Mwalimu zilikuwa ama mbichi ama zimepondeka, na kwa miaka mitatu Msusi hakusema neno.

Siku ile ya makofi, kelele zilipotulia, Msusi alivaa viatu vyake vya kutokea, akajifunga kitambaa kichwani, akafunga mlango. Alipobonyeza kitufe alihisi moyo unamwenda mbio kama msichana anayetoroka kwao. Lifti ikaja. Akaingia. Sakafu ikamlegea kidogo chini ya nyayo, tumbo likapanda, na kabla hajamaliza kushangaa, ting!, yuko chini.

Mwalimu alikuwa bado amekunja mikono. Alimwona mkewe akitokea mle ndani, akaikunjua.

"Unakwenda wapi?"

"Kununua nyanya," Msusi akasema, akampita.

Alizichagua mwenyewe. Alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akazinusa pale kwenye kikonyo, akarudisha tatu, akabishana na muuzaji kwa raha zake mpaka muuzaji naye akacheka. Akarudi nyumbani na nyanya chache tu, lakini siku hiyo alijiona ametoka safari.

Kesho yake alifika kwenye kona. Keshokutwa akaivuka. Goti lilimuuma, alikaa kwenye benchi mbele ya duka la vitabu, likatulia, akaendelea. Juma la kwanza lilipokwisha alijua barabara ile kama kiganja cha mkono wake: wapi lami imebonyea, wapi kivuli kinakaa mpaka adhuhuri, mbwa gani anabweka bure. Baada ya miezi miwili uvimbe ulikuwa umepungua, na mguu uliokuwa umekonda kwa kukaa ukaanza kurudisha nyama yake.

Siku moja miguu ikamfikisha saluni.

Mwenye saluni alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeitwa Chapchap kwa wepesi wa vidole. Alipomwona Msusi mlangoni alidondosha kitana.

"Mama! Umetoka mbinguni?"

"Ghorofa ya sita. Ni karibu na huko."

Walikumbatiana mpaka mteja kwenye kiti akakohoa. Msusi alikaa, akaangalia, akashindwa kuvumilia, akainuka akarekebisha mstari uliopinda kwenye kichwa cha mteja yule. Siku ile aliondoka jioni. Chapchap alimtafutia kiti kirefu chenye magurudumu, cha kukalia akisuka, na tangu hapo kila asubuhi Msusi akawa mtu wa kazini.

Hapo ndipo nyumbani pakaanza kuchacha.

Mwalimu aliendelea kusimama mlangoni asubuhi na mfuko wake, lakini sasa mkewe ndiye aliyekuwa anatoka. "Usijisumbue, nitapitia mwenyewe nikirudi," Msusi alimwambia, naye alidhani anampunguzia mzigo. Mwalimu aliutundika mfuko kwenye msumari wake. Alishuka kwa ngazi, akazunguka jengo, akapanda kwa ngazi. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu tena. Zamani alisalimiana na watu kila ghorofa, akawatania, akawabebea mizigo. Sasa soga zote zilihamia kwenye lifti, na kule kwenye ngazi alisikia raba zake mwenyewe tu zikipiga kelele kwenye saruji.

Mchana mmoja Msusi alirudi mapema, akavua viatu, akajilaza kwenye kochi akafumba macho. Mwalimu alitoka jikoni na sufuria mkononi.

"Unaona?" akasema. "Ndivyo inavyoanza. Kwanza lifti, halafu kochi. Ungelikaza hilo goti kwa ngazi tangu mwanzo, lingeshapona. Mashine imekuzoesha uvivu."

Msusi alifumbua macho. Alikuwa amesuka vichwa vitatu tangu asubuhi.

"Rudia," akasema taratibu.

Mwalimu alijua sauti ile, lakini maneno yalishatoka. "Nimesema uvivu."

"Haya, nisikilize. Miaka mitatu nilikaa kwenye kochi hili hili. Sikushuka, sikununua, sikusuka, sikuona hata majani ya mti yanavyoota. Hukuniita mvivu. Uliniita mke wangu mpenzi. Leo natoka asubuhi narudi mchana, nimetembea, nimefanya kazi, nimelala dakika mbili, ndiyo nimekuwa mvivu? Mwalimu, wewe hupimi uvivu wa mtu. Wewe unapima ngazi."

Mwalimu aliangalia ndani ya sufuria kana kwamba jibu liko mle. "Na umeme ukikatika?" akasema hatimaye. "Siku mashine ikigoma utalala barabarani?"

"Siku hiyo tutaiona."

Hawakuzungumza mpaka siku ya pili, na hata walipozungumza ilikuwa ni chumvi iko wapi na mlango umeufunga. Msusi hakujuta. Maneno yale yalikuwa haki yake, aliyasema na angeyasema tena. Lakini kitu kimoja kilimkaa moyoni: uso wa Mwalimu haukuwa uso wa mtu mwenye hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyefukuzwa mahali.

Aliuelewa uso huo wiki mbili baadaye, na aliuelewa kwa aibu.

Chapchap aliingia saluni asubuhi na kiboksi, akatoa kimashine kidogo kama brashi ya nywele, chenye vidole viwili vya plastiki vinavyozunguka. Unagawa nywele, unaziingiza, unabonyeza, zinajisokota zenyewe kama kamba. Wasichana wote wa saluni wakajazana. Msusi alikuwa bingwa wa kusokota; watu walivuka mji kufuata msokoto wake. Alitazama vile vidole vya plastiki vikizunguka bila kuchoka.

"Uvivu huo," akasema kwa sauti kubwa. "Vidole si mnavyo?"

Alikuwa ameisikia sauti ya mumewe ikitoka kinywani mwake mwenyewe, neno kwa neno, mpaka na ule mkunjo wa pua.

Chapchap hakukasirika. Alimwonyesha mteja aliyekuwa anasinzia kwenye kiti, nesi aliyetoka zamu ya usiku. "Mama, huyu anarudi kazini jioni. Kwa mkono tutamtoa hapa saa ngapi? Kwa hii atapata muda wa kulala."

Msusi alimtazama nesi yule, kichwa kikimwangukia begani. Akasogeza kiti chake.

"Lete tuione."

Walifanya kazi pamoja. Mashine ilisokota vizuri, hakuweza kudanganya. Ila haikujua kugawa mafungu, haikujua kichwa kipi kina ngozi laini, wala haikujua kwamba kule nyuma ya sikio unaanza kwa kulegeza. Hayo Msusi aliyafanya mwenyewe, na kwa kuwa vidole havikuchoka kwa kusokota, mistari ya kichwa cha nesi yule ilinyooka kuliko yoyote aliyowahi kuichora. Nesi aliamka akajitazama kwenye kioo, akashukuru, akaenda kulala. Msusi alikaa akiviangalia vidole vyake. Alikuwa ameogopa. Si kwamba watu watakuwa wavivu. Aliogopa kwamba hawatamhitaji.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema peke yake.

"Nini, Mama?"

"Mume wangu. Nimemwelewa leo."

Alipanga kumwambia jioni ile ile. Lakini alasiri umeme ulikatika.

Alipofika kwenye jengo, ukumbi wa chini ulikuwa umejaa watu wanaobonyeza vitufe vilivyozimika, kana kwamba lifti imesinzia tu na inahitaji kuguswaguswa. Mlinzi alisema waya umekatika mtaa wa pili, mafundi wamekuja, lakini umeme haurudi leo. Msusi alisimama na mfuko wake wa vitunguu, akatazama ngazi. Hakuwa amezipanda tangu goti lilipoanza.

Mwalimu alitokea kwenye ngazi akiwa anateremka mbili mbili. Alikuwa amelibeba lile neno, "Nilikwambia," na Msusi aliliona limekaa kwenye ncha ya ulimi wake limevaa na viatu. Mwalimu akalimeza. Badala yake aligeuka, akachuchumaa mbele yake, mbele ya watu wote, akapiga mgongo wake kofi.

"Panda. Nitakubeba."

"Inuka, Mwalimu. Watu wanatazama."

"Watazame. Panda."

"Nitapanda," Msusi akasema, "kwa miguu yangu mwenyewe. Wewe kama unataka kazi, shika vitunguu."

Wakaanza. Msusi alishika reli, akatanguliza mguu mzima, akauvuta mwenzake. Mmoja, halafu mwingine. Goti lilinong'ona lakini halikupiga kelele. Mwalimu alikuwa hatua moja nyuma yake, mikono imetangulizwa mbele kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

Kabla ya ghorofa ya kwanza walimkuta kijana mmoja amekaa katikati ya ngazi, chakula cha kuletewa kikiwa kwenye magoti, simu mkononi. Jengo zima lilimwita Bosi, maana hakuna kitu alichowahi kukifuata mwenyewe. Vyote vililetwa na watu wa pikipiki.

"Shikamooni," akasema bila kuinuka. "Nasubiri umeme."

"Marahaba," Mwalimu akasema. "Unakaa ghorofa ya ngapi wewe?"

"Ya kwanza."

Mlango wake ulionekana pale pale walipokuwa wamesimama. Ukinyoosha fagio ungeugusa. Mwalimu alimgeukia mkewe polepole, macho yamemtoka.

"Na huyu je?"

Msusi alimtazama Bosi, akatazama mlango, akamtazama Bosi tena.

"Huyu nakuachia," akasema. "Huyu ni wako kabisa."

Mwalimu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya sufuria, na kicheko chake kilipanda na ngazi mpaka juu. Bosi alisogea kidogo wapite, akarudi kwenye simu yake.

Ghorofa ya pili, Msusi alipumzika akiwa amesimama. Ya tatu, jasho lilimtoka chini ya kitambaa, na goti likaanza kusema kwa sauti. Alilikanda kwa kiganja, akaomba maji, akapewa na mtu mlangoni, akaendelea. Alipokuwa akipanda alishangaa jambo moja: pumzi alikuwa nayo. Ile barabara tambarare, kona kwa kona, asubuhi kwa asubuhi, ilikuwa imemwekea kitu kifuani na mapajani bila yeye kujua. Aliyekuwa anahema kwa sauti hakuwa yeye.

Ghorofa ya nne mlango ulifunguka hata kabla hawajafika. Mama Pacha, jirani mwenye watoto mapacha na sauti ya kuuza samaki, alitoka na kiti cha mbao.

"Mwalimu, leo umechelewa! Kiti chako hiki hapa, na maji yako nimeshayamimina kama kawa..." Akamwona Msusi. Akashika mdomo.

Kwa ndani mapacha walikuwa wanagombania kitu.

"Kama kawaida?" Msusi akauliza.

Mwalimu alitazama ukuta. Mama Pacha alitazama kiti. Mwishowe, kwa kuwa maji yalikwisha kumwagika, alijitetea: "Si kila siku, dada. Akiwa na mizigo, au akichoka. Anapumzika kidogo, anakunywa maji, anajipangusa jasho, halafu anapanda. Tangu mwaka juzi. Akaniambia nisikwambie, utaingiwa na wasiwasi."

"Nitaingiwa na wasiwasi," Msusi akarudia. Kisha kicheko kikamjia kutoka tumboni, kikamshinda, akashika reli asianguke. "Mwaka juzi! Na ulikuwa unaingia nyumbani umetanua kifua kama umetoka kuchukua kombe!"

"Nilikuwa nimepumzika," Mwalimu akasema kwa unyonge, "kwa hiyo kifua kilikuwa kimetanuka kweli."

Mama Pacha akaleta kiti cha pili. Wakakaa wote wawili pale kwenye korido, vitunguu katikati, wakinywa maji. Msusi alipanguza machozi ya kicheko, akamtazama mumewe vizuri. Shingo ilikuwa imekonda. Mishipa ya mikono ilikuwa imesimama. Mikono ile ndiyo iliyompandishia gesi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba miguu yako nayo imechoka?" Mwalimu alizungusha bilauri kwenye kiganja. "Shule walinipa mkono wa kwaheri, nikarudi nyumbani. Nikasema sawa, kuna mama watoto, ananihitaji. Kila asubuhi nilijua ninaamkia nini. Halafu wakaja na ile ting-ting yao, ukaniambia nisijisumbue." Akaweka bilauri chini. "Mimi nilitaka kusumbuka."

Msusi alisogeza vitunguu kando. Alimsimulia habari ya kimashine cha Chapchap, na jinsi alivyosema "uvivu huo" mbele ya wasichana wote, na mkunjo wa pua akauonyesha. Mwalimu akasahau huzuni yake.

"Ulisema hivyo? Wewe?"

"Kwa sauti kubwa."

"Na bado lifti unaitetea!"

"Naitetea na nitaitetea. Imenitoa kwenye kochi, Mwalimu, haikuniweka. Lakini haikunipa mume, kwa hiyo haiwezi kunipokonya. Kazi ya kubeba nyanya imekwisha. Tutafute nyingine. Wewe si mtu wa kuzunguka jengo kama mlinzi."

Ghorofa ya tano walisimama tena, na hapo hawakuwa wameomba kusimama. Fundi Saa, mzee aliyewahi kutengeneza saa za mji mzima, alikuwa ameegemea kizingiti chake na fimbo, amevutwa na vicheko.

"Naona kuna sherehe kwenye ngazi sikualikwa," akasema.

"Ni mke wangu anapanda," Mwalimu akajibu, na kifua kikatanuka, safari hii bila kiti cha mtu.

"Umeme umekatika? Mimi hata sikujua. Sijashuka."

"Tangu lini hujashuka, mzee wangu?" Msusi akauliza. "Lifti si iko mlangoni kwako?"

"Lifti ninayo, mwanangu. Wa kushuka naye ndiye sina. Nikifika chini peke yangu nifanye nini, nisalimiane na mlinzi? Na hii miguu, nikianguka?" Alicheka kidogo, akarudi ndani taratibu, fimbo ikigonga sakafu.

Msusi alimtazama mumewe, na Mwalimu alikuwa bado anautazama mlango ule uliofungwa, kichwa kimeinama upande, kama alivyozoea kuwatazama watoto wa shule waliojificha nyuma ya darasa wakati wa mazoezi.

Ngazi za mwisho zilikuwa ngumu. Goti liliwaka moto, na kila hatua Msusi alikunja uso. Mara mbili Mwalimu aliuliza kama ambebe, mara mbili aliambiwa anyamaze. Walipofika juu, Msusi alipiga mlango wao kofi kwa kiganja, akasimama pale akihema, akicheka. Mguu ulikuwa unatetemeka, ulikuwa wake, na ulikuwa umempandisha. Mwalimu alichemsha maji, akamkanda goti mpaka jioni, na safari hii hakuhubiri. Rimoti aliishusha mwenyewe kutoka juu ya kabati, akampa mkononi.

"Kwa leo tu," akasema.

"Kwa leo tu," Msusi akakubali, akaiweka chini ya mto ili isije ikapotea tena.

Umeme uliporudi, Mwalimu alisubiri mkewe avae viatu, kisha wakatoka pamoja. Alisimama mbele ya ule mlango wa chuma kama mtu anayeingia kwa daktari wa meno. Aliingia, akashika ukuta, akatazama juu. Ghorofa ya tano akabonyeza isimame, akatoka, akabisha kwa Fundi Saa. Msusi aliushikilia mlango wazi kwa mfuko wake na kusikiliza mabishano. Fundi alisema ana kifua. Mwalimu alisema chini kuna hewa. Fundi alisema hana viatu. Mwalimu alisema amemletea raba. Mwishowe walitoka wote wawili, Fundi akiwa na raba zilizompwaya, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili umeshikwa na Mwalimu kwa nguvu kama atatoroka.

Siku ile walizunguka ua mara moja. Wiki ile ile akaongezeka bibi wa ghorofa ya tatu, ambaye macho yalikuwa yamefifia, na baba mmoja aliyekuwa anapona upasuaji. Mama Pacha aliwaleta mapacha, kisha akabaki mwenyewe. Mwalimu aliwafuata kwenye milango yao kila asubuhi, akawashusha kwa lifti, akawatembeza. Yeye mwenyewe aliteremka na kupanda kwa ngazi kila alipokuwa hana mtu mkononi, akipumzika waziwazi ghorofa ya nne, na mtu akimuuliza kama siku hizi ameikubali mashine, alijibu kwamba hajakubali chochote, anaitumia tu. Kila siku alibisha pia kwa Bosi. Kila siku Bosi alikaa kimya ndani, televisheni ikisikika mpaka nje. Mwalimu hakukata tamaa; alisema wakaidi kama huyo amewatoa darasani wengi.

Asubuhi moja Msusi alipita uani akielekea kazini. Alitembea bila haraka na bila kuchechemea, begi begani.

"Mgongo wima, Fundi!" Mwalimu alikuwa anapaza sauti. "Mabega nyuma!"

"Mgongo wenyewe ndio huu," Fundi Saa akajibu, "mwingine sikuja nao!"

Wote wakacheka, hata bibi wa ghorofa ya tatu aliyekuwa anatembea kwa kushika mkanda wa Mama Pacha. Mwalimu alimwona mkewe, akanyoosha mkono juu kumuaga, halafu akakumbuka kundi lake na kugeuka upesi, maana wawili walikuwa wameshakaa kwenye ukingo wa bustani.

Msusi alivuka barabara. Saluni ilikuwa na wateja watatu wanaosubiri, na mmoja alikuwa amemtaka yeye kwa jina.

"Nakuja," akasema tangu mlangoni, akikunja mikono ya gauni. "Nani anaanza?"